Kalemie, mji mkuu wenye ziwa na historia, lakini mtalii amebaki ng'ambo

KALEMIE – Siku ambayo hakuna ukungu, mtu anayesimama kando ya Ziwa Tanganyika katika mji wa Kalemie anaona milima mirefu upande wa mashariki. Ni milima ya Mahale, nchini Tanzania. Kule kuna hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1985, na wageni kutoka Ulaya na Amerika wanaifikia kwa ndege ndogo na kumalizia safari kwa boti. Wanalipa dola nyingi ili wapate saa moja tu ya kukaa karibu na sokwe-mtu porini. Jioni wanaketi ufukweni kutazama jua likizama. Jua hilo linazama upande wa Kongo, nyuma ya milima ya Tanganyika na Moba, na wengi wao wanaondoka bila kujua kwamba upande huo kuna mji mkuu wa jimbo, wenye bandari, gari la moshi, soko la samaki na historia ambayo imeandikwa katika vitabu vya Uingereza na Ubelgiji.

Kalemie imekuwa mji mkuu tangu mwaka 2015, wakati Katanga ya zamani ilipogawanywa katika majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Wageni hawakosekani. Kila siku wanafika wafanyabiashara kutoka Kigoma, Uvira na Bujumbura, wafanyakazi wa mashirika, wanafunzi, familia zinazokuja kwenye kilio au ndoa. Mwaka 2025 walifika pia maelfu ya watu waliokimbia vita vya Kivu ya Kusini, wengi kwa mashua. Lakini neno "mtalii" halisikiki sana mjini. Mgeni anaulizwa amekuja kwa kazi gani, na akijibu kwamba amekuja kutembea tu, anaangaliwa mara mbili.

Hata hivyo, mgeni huyo anayengojea mashua siku mbili, tatu, au nne ndiye mtalii wa kwanza wa Kalemie. Ana siku mkononi na hela kidogo mfukoni. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia aende wapi.

Bangkok haikuanza na majumba marefu

Wakongomani wanaosafiri kwenda Asia kununua bidhaa wanazungumza sana juu ya Dubai na Guangzhou, na wengine wanaijua Bangkok, mji mkuu wa Thailand. Ni moja ya miji inayotembelewa zaidi duniani. Mwaka 2019, kabla ya Covid, nchi ya Thailand ilipokea karibu wageni milioni 40. Mtu akiangalia picha anaona mahekalu ya dhahabu na maduka ya vioo, na anafikiri kwamba hiyo ndiyo siri.

Sehemu ya siri iko chini zaidi. Kuna mto mmoja mkubwa, Chao Phraya, unaokata mji katikati, na juu yake zinapita boti za abiria. Kila boti ina bendera ya rangi inayoonyesha njia yake na vituo vyake. Mama anayekwenda kazini na mgeni mwenye kamera wanapanda boti ileile. Halafu kuna chakula cha barabarani, kama katika mtaa wa Yaowarat, ambako watu wanapika usiku mbele ya wateja na mgeni anakula akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki. Serikali haikuwajengea watalii mto mwingine wala jiko lingine. Iliacha watu waendelee na maisha yao, ikahakikisha kwamba boti inafika kwa saa.

Tena Bangkok inafanana na Kalemie kwa jambo ambalo halitangazwi: maji. Imejengwa mahali pa chini, ardhi yake inadidimia, na mwaka 2011 mafuriko makubwa yalifika hadi vitongoji vyake. Jakarta, mji mkuu wa Indonesia, hali yake ni mbaya zaidi. Mwaka 2022 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuhamisha mji mkuu kwenda Nusantara, katika kisiwa cha Borneo, na moja ya sababu ni kwamba Jakarta inazama. Kwa hiyo mkaaji wa Kalemie ambaye nyumba yake imeingiliwa na ziwa hana haja ya kuona aibu mbele ya miji mikubwa ya Asia.

Kufika ndiyo kazi ya kwanza

Njia ni tatu na hakuna iliyo rahisi. Ndege inafika kutoka Lubumbashi na miji mingine, na mwenye uwezo ataichagua. Gari la moshi linatoka Katanga kupitia Kabalo. Ni safari ya siku nyingi, na anayeipanda awe na chakula, maji, blanketi na moyo wa kungoja. Barabara ni ya msimu wa kiangazi.

Njia ya ziwa ndiyo yenye watu. Kutoka Kigoma ni kama kilomita 130, na mashua zinakwenda pia Moba upande wa kusini, Fizi na Uvira upande wa kaskazini. Nyingi ni mashua kubwa za mbao zenye mashini, zinazobeba mizigo na watu pamoja. Kutoka kwake kunategemea shehena: ikijaa inaondoka, isipojaa inalala. Anayevuka kutoka Kigoma ajue pia kwamba atapata saa moja ya bure, maana Kalemie inafuata saa ya Lubumbashi, ambayo iko nyuma ya saa ya Tanzania.

Hapa hakuna nafasi ya kusema maneno matamu. Mwezi wa 12 mwaka 2014, mashua iliyoitwa Mutambala ilizama katika ziwa hili upande wa Tanganyika, na watu zaidi ya 100 walikufa. Ajali nyingine zimefuata tangu hapo. Kuanzia mwezi wa 5 hadi wa 9, upepo wa kusini unaamka na mawimbi yanakuwa kama ya bahari. Mgeni asipande mashua iliyojaa kupita kiasi hata kama nahodha anacheka na kumwita ndugu. Aulize jaketi la kuokolea maisha kabla ya kulipa. Akiambiwa halipo, ashuke, angojee nyingine. Siku moja ya kupotea mjini ni ndogo.

Mgeni kutoka nchi nyingine ajiandikishe kwa huduma za uhamiaji akifika, aweke karatasi zake karibu, na asipige picha za bandari, stesheni, daraja au askari bila ruhusa. Watu wa hapa hawana shida na kamera. Mwenye kuitafuta shida ni yule anayepiga kwa kujificha. Kuhusu usalama, mjini ni jambo moja na vijijini ni jingine. Sehemu kadhaa za jimbo zimeona vurugu kwa miaka mingi, ikiwemo mapigano kati ya Batwa na Baluba yaliyowafukuza watu wengi kutoka Nyunzu, Manono na Kabalo. Kabla ya kutoka mjini, kuuliza wenyeji ni lazima.

Avenue Lumumba, kati ya mlima na maji

Kalemie ni mji mwembamba. Mlima uko upande mmoja, ziwa upande mwingine, na katikati inapita Avenue Lumumba, barabara kuu, yenye nyumba za zamani za Wabelgiji zenye baraza pana na rangi iliyochujuka. Mtu anaweza kuitembea kwa miguu asubuhi moja. Motari watamsimamia kila baada ya hatua kumi na kumwita baba au mama, lakini heri akatae mpaka achoke. Kwa miguu ndipo anaona jinsi mji ulivyopangwa: reli inapita karibu sana na maji, bandari na winchi zake ziko palepale mjini, na nyumba za wakubwa wa zamani zimekaa juu mlimani ambako upepo ni mwema na mbu ni wachache. Wafanyakazi Waafrika wa wakati ule walikaa mbali, katika mitaa yao. Mpangilio huo bado unasomeka bila kitabu.

Ataona pia mabaki ya viwanda. Filtisaf, kiwanda cha nyuzi na vitambaa, kiliwahi kuajiri familia nyingi na kuuza vikwembe mbali. Leo majengo yake yamebaki kimya. Wazee wa Kalemie wanaotaja jina hilo wanalitaja kama jina la marehemu. Umeme wa kiwanda ulitoka Bendera, kwenye mto Kiymbi upande wa kaskazini, na bwawa hilo ndilo linaloangaza mji hata leo, siku linapoangaza.

Kisha ataona kile ambacho hakuna kitabu cha watalii kinachokitaja: ukuta ulioanguka majini, shina la mnazi au mwembe likiwa ndani ya mawimbi, ngazi za nyumba zinazoishia ziwani. Kwa miaka kadhaa maji ya Tanganyika yamekuwa yakipanda. Mwaka 2024 yalifika kiwango ambacho hakijaonekana tangu miaka ya 1960. Yaliingia Bujumbura, yaliingia Uvira, na Kalemie yalikula nyumba, mashamba na vipande vya njia. Avenue Lumumba yenyewe ilitishiwa. Sehemu za ufuko ambazo vijana walichezea mpira hazipo tena.

Kwa nini Kalemie? Jibu liko kilomita chache tu kaskazini mwa bandari, kwenye mdomo wa mto Lukuga. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal ya Urusi. Mito mingi inaingia humo kutoka Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Unaotoka ni mmoja peke yake: Lukuga, ambao unapeleka maji kwenye mto Kongo na mwisho bahari ya Atlantiki. Ziwa zima ni kama beseni lenye tundu moja, na tundu hilo liko Kalemie.

Jambo hili si jipya. Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika hapo mwaka 1874 akasema amepata mlango wa ziwa. Miaka miwili baadaye Stanley alikuja kuhakikisha, akakuta mdomo umezibwa na matope na majani, maji hayapiti vizuri. Wenyeji walikuwa wakimwonyesha mahali ambapo ziwa limepanda na kumeza nchi kavu. Kabla ya mwaka 1880 kizibo hicho kilivunjika. Maji yakatoka kwa nguvu, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka mita nyingi, hata Ujiji, ambako mashua zilikuwa zinafika mlangoni, ufuko ukaenda mbali. Kwa maana hiyo, mto ambao mgeni anauvuka kwa motari akielekea upande wa pili wa mji, bila hata kugeuza shingo, ndio unaoamua kama mtu wa Bujumbura, Kigoma au Mpulungu atalala pakavu. Mji ungekuwa mwingine, pangewekwa hapo kibao, ubao wa kupimia maji unaosomeka, na mzee wa kueleza. Shule za msingi zingekuwa za kwanza kufaidika.

Vita vya mashua mbili ndogo

Kuna hadithi moja ya Kalemie ambayo inajulikana zaidi London kuliko Lubumbashi.

Mji ulianza kama ngome. Mwisho wa mwaka 1891, Kapteni Jules Jacques, Mbelgiji, aliweka kambi karibu na hapa na kuiita Albertville, kwa jina la Albert, mtoto wa ndugu ya mfalme Leopold wa pili. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kupiga biashara ya watumwa, na adui wake mkubwa alikuwa Rumaliza, mfanyabiashara wa Ujiji aliyetawala sehemu kubwa ya pwani hii. Kaskazini kidogo, Mtoa, ndipo misafara kutoka Maniema ilipofikia maji, na watu waliofungwa minyororo pamoja na pembe za tembo walivushwa kwenda Ujiji. Kiswahili kinachosemwa leo sokoni Kalemie kilipita njia hiyohiyo, kikiwa ndani ya vinywa vya wapagazi, wafanyabiashara na watumwa. Baadaye Leopold naye aliwafanyia Wakongomani yale yanayojulikana, kwa hiyo neno "ukombozi" lisomwe kwa uangalifu.

Mwaka 1915 Vita Kuu ya kwanza ilikuwa imefika ziwani. Wajerumani, waliokuwa Kigoma, walitawala maji yote kwa meli zao. Waingereza waliamua kuleta mashua mbili za mita kama 12 kila moja, Mimi na Toutou, chini ya kamanda Geoffrey Spicer-Simson. Kutoka Uingereza zilipelekwa Cape Town kwa meli, zikapanda gari la moshi hadi Katanga, zikavutwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe juu ya milima ya Mitumba, zikaelea kwenye mto Lualaba, zikapakiwa tena kwenye reli ya Kabalo, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imefika ziwani. Mamia ya Waafrika walikata miti, walijenga madaraja na kuvuta kamba. Vitabu vingi vinamkumbuka kamanda na vituko vyake. Majina ya waliovuta kamba hayamo.

Tarehe 26 mwezi wa 12 mwaka 1915, siku iliyofuata Noeli ya kwanza ya mashua hizo ziwani, Mimi na Toutou zilitoka kwenye bandari iliyokuwa inajengwa hapa Kalemie na kuiteka meli ya Kijerumani Kingani, mbele ya macho ya watu waliosimama ufukweni. Tarehe 9 mwezi wa 2 mwaka 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Miezi michache baadaye ndege za Wabelgiji zinazotua majini ziliruka kutoka upande wa Mtoa kwenda kutupa mabomu Kigoma. Ni moja ya mara za kwanza vita vya angani kuonekana katikati ya Afrika. Wajerumani walipoondoka Kigoma mwezi wa 7, waliizamisha wenyewe meli yao kubwa, Graf von Götzen, baada ya kuipaka mafuta mashini zake ili isiharibike. Waliifanya kazi hiyo vizuri: iliinuliwa mwaka 1924, ikabatizwa Liemba mwaka 1927, na imebeba abiria ziwani kwa karibu miaka mia moja.

Habari hiyo ilimpa mwandishi C. S. Forester wazo la kitabu chake cha mwaka 1935, The African Queen, na mwaka 1951 ikatengenezwa filamu yenye jina hilo. Watu wamesafiri kutoka mbali hadi Kigoma ili tu kuiona Liemba. Upande wa Kalemie, ambako mashua za Waingereza zilitoka, hakuna hata chumba kimoja chenye picha tano ukutani.

Mtalii wa mwaka 1931

Mwaka 1931 mwandishi mwingine wa Uingereza, Evelyn Waugh, alivuka kutoka Kigoma akafika Albertville. Alikuwa anatafuta ndege ya kumpeleka haraka upande wa magharibi. Ndege hakuipata. Akapanda gari la moshi hadi Kabalo, akashuka kwenye boti ya mtoni hadi Bukama, akachukua tena reli kwenda Elisabethville na mwisho kusini mwa Afrika. Katika kitabu chake alilalamika sana juu ya safari hiyo.

Malalamiko yake yana faida moja: yanaonyesha kwamba Kalemie ilikuwa njia panda. Reli ya Dar es Salaam ilimalizikia Kigoma, meli ilivuka, reli ya kilomita 273 ilipeleka abiria Kabalo, boti ikaendelea juu ya mto. Tiketi na tiketi ziligusana. Haikujengwa kwa ajili ya starehe ya Mwafrika, ilijengwa kwa kazi ya lazima na kwa ajili ya shaba na bati. Lakini njia ileile, ikitengenezwa leo na kupewa ratiba inayoheshimiwa, ingemleta mfanyabiashara, mwanafunzi na mtalii kwa pamoja. Tangu mwaka 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kalemie ni moja ya milango ya jumuiya hiyo ambayo haina theluji, haina jangwa, ina maji matupu katikati.

Mezani

Sasa chakula, kwa sababu hapo ndipo Kalemie haihitaji msaada wa mtu.

Usiku wa giza, wakati mwezi haupo, wavuvi wanaingia ziwani na taa. Mwanga unawavuta ndakala, wale samaki wadogo wa rangi ya fedha, wapande juu hadi kwenye wavu. Asubuhi wanamwagwa ufukweni na mamama wanaanza kuwapima kwa ndoo, wengine wanatandazwa juani kukaushwa. Nyuma ya ndakala wanakuja mikebuka, ambao huwala hao wadogo. Yupo pia kuhe, mkubwa kuliko samaki wote wa jamii yake duniani, na nyama yake ni nyeupe, tamu, yenye mafuta kidogo. Ziwa hili lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii hiyo ya kuhe, na karibu wote hawapatikani mahali pengine. Wazungu wanafuga wadogo wenye rangi katika vyombo vya kioo nyumbani na kuwalipia bei ambayo mvuvi wa Kalemie akiisikia atadhani ni mzaha.

Mgeni aende asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali. Anunue mkebuka aliyeletwa usiku uleule, ampelekee mama mwenye jiko la makala pembeni mwa soko, wapatane bei. Atachomewa au kupikiwa na nyanya na mafuta ya mawese, aletewe bukari ya muhogo au mahindi, sombe, na pilipili kwenye kisahani. Ataletewa maji ya kunawa kwanza. Mwenye kutumia bia atapata Simba kutoka Lubumbashi. Hakuna hoteli ya nyota yoyote inayoweza kupika samaki huyo kuliko mama huyo, na bei yake haifiki robo.

Kuna mambo mawili ya kujua. La kwanza, kipindupindu kinarudi mara kwa mara Kalemie, kama Uvira. Maji ya ziwa yanaonekana safi mpaka chini, lakini yasinywewe bila kuchemshwa au kutiwa dawa. Kabla ya kuoga, mgeni awaulize wavuvi, maana karibu na mdomo wa Lukuga mamba na viboko hawajahama, na kichocho kipo kwenye majani ya pembeni. La pili, nchi nne za ziwa zilikubaliana kupumzisha uvuvi kwa miezi mitatu kila mwaka, kuanzia katikati ya mwezi wa 5 hadi katikati ya mwezi wa 8, ili samaki wazaane. Tanzania ilianza kufunga mwaka 2024. Mtu anayekuja kwa ajili ya kula samaki asichague miezi hiyo.

Mpala na kichwa cha Lusinga

Mgeni mwenye siku zaidi ya mbili, na kama ziwa limetulia, aangalie kusini, kwenye njia ya Moba. Huko, kwenye mdomo wa mto Lufuko, kuna Mpala. Mwaka 1883 Mbelgiji Émile Storms alijenga hapo kituo cha shirika la Leopold. Mwezi wa 12 mwaka 1884 watu wake walimshambulia na kumwua Lusinga, chifu wa Watabwa aliyekuwa na nguvu katika eneo lile. Kichwa chake kilikatwa, na fuvu likapelekwa Ubelgiji, ambako limewekwa katika taasisi ya Brussels mpaka nyakati hizi. Sanamu za Lusinga zilichukuliwa pia, na zimeonyeshwa katika jumba la makumbusho la Tervuren. Sanamu ya Storms mwenyewe, iliyosimama katika uwanja mmoja wa Brussels, iliondolewa mwaka 2022 baada ya watu kulalamika. Kwa hiyo mtu wa Brussels anaweza kumsoma Lusinga kwa undani kuliko mwanafunzi wa Moba.

Mwaka 1885 kituo kilipewa Mapadri Weupe, na misheni ikakua. Mbele zaidi, Moba-Kirungu, iliyoitwa Baudouinville, ndipo alipopewa upadri Stefano Kaoze mwaka 1917, Mkongomani wa kwanza kuwa padri wa Kikatoliki katika wakati huu wa sasa. Ni mahali ambapo mahujaji wangefika kwa mashua kila mwaka, kama kungekuwa na mashua ya kuaminika. Kwa wanaopenda historia ya karibu zaidi, upande wa kaskazini, kule kwenye bwawa la Bendera, wapiganaji waliokuwa pamoja na Che Guevara walishambulia ngome ya serikali mwezi wa 6 mwaka 1965 na kushindwa. Albertville yenyewe ilikuwa imechukuliwa na waasi wa Simba mwaka uliotangulia.

Yote haya yako ndani ya jimbo moja. Kuyaonyesha hakuhitaji hela za Bangkok. Kunahitaji mashua mbili au tatu zenye majaketi na saa ya kuondoka inayoandikwa ukutani, chumba kimoja kati ya nyumba za zamani za Avenue Lumumba ambacho hakijafikiwa na maji, na vijana wachache waliofundishwa kusimulia bila kuongeza chumvi. Walimu wa historia wa Kalemie wapo, na wengi wao mshahara hauwatoshi. Kazi ya kuongoza wageni Jumamosi ingewasaidia. La haraka zaidi ni ufuko. Mawe na miti yanayoweza kuzuia mawimbi yasimeze barabara hayangojei watalii, wakaaji wanayahitaji sasa, na mdomo wa Lukuga unahitaji nchi zote nne zikae pamoja, kwa sababu tundu ni moja.

Kwa anayefika wiki hii na kukuta mashua yake haijajaa: ulizia mwezi uko wapi. Kama haujatoka, baada ya saa mbili za usiku panda kidogo mlimani, juu ya nyumba za zamani, ugeuke nyuma. Taa za wavuvi wa ndakala zinakuwa nyingi ziwani, mstari baada ya mstari, mpaka mtu ambaye hajazoea anadhani ni mji mwingine uliojengwa juu ya maji. Zinazimika moja moja kuelekea alfajiri, na kufikia saa kumi na mbili mitumbwi ya kwanza iko ufukweni, na bei inakuwa bado inapatanwa.